Baruti ipi kwa .30-06? Jibu kwa mwindaji anayejaza risasi zake mwenyewe

Swali: Nina bunduki ya kuwindia ya .30-06 yenye mtutu wa inchi 22, na nimeanza kujaza risasi zangu mwenyewe kwa vichwa vya greni 150 na vya greni 180. Nimekuta aina za baruti zaidi ya ishirini, na kila ninayemuuliza ananitajia jina lake. Rafiki yangu anasema kwamba mtutu wangu ni mfupi, kwa hiyo nitafute baruti inayoungua haraka ili isije ikamalizikia nje. Amenipa pia kopo lililobaki nusu, lililoandikwa kwa mkono “4831”. Je, nilitumie hilo? Na kama sivyo, ipo baruti moja itakayofaa vichwa vyote viwili?

Jibu: Nitaanza na kopo ulilopewa, ingawa umelitaja mwishoni, kwa sababu ndilo linaloweza kukudhuru kabla ya mengine yote. Usiitumie baruti hiyo. Jina 4831 linabebwa na baruti mbili zisizolingana. Ya kwanza ilitokana na shehena ya baruti ya mizinga ya milimita 20 iliyosalia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo Bruce Hodgdon wa Marekani aliinunua na kuwauzia wajazaji wa risasi. Ndiyo iliyoacha jina la H4831 inayotengenezwa leo. Ya pili, IMR 4831, ilikuja miaka mingi baadaye, nayo inaungua haraka kuliko ile ya kwanza. Mtu akichukua kiasi cha juu kilichopimwa kwa H4831 kisha akakijaza kwa IMR 4831, anaweza kuvuka kikomo cha shinikizo bila kujua kwamba amekosea, maana namba aliyoisoma kitabuni na namba aliyoiona kwenye kopo ni ile ile. Tangu mwaka 2003 majina hayo mawili yamo mikononi mwa kampuni moja, na jambo hilo limewafanya wengi wadhani kuwa kilichobaki ni tofauti ya herufi tu. Sivyo. Hali kadhalika kuna H4350, IMR 4350 na Accurate 4350, kuna H4895 na IMR 4895, na kila moja ina jedwali lake la vipimo.

Mwandiko wa mkono hauwezi kukuonyesha ni ipi kati ya hizo iliyomo, wala kopo lililofunguliwa haliwezi kukuthibitishia kwamba hakuna aliyewahi kurudishia ndani yake mabaki ya baruti nyingine. Kuitazama kwa macho hakusaidii, kwa sababu baruti zinazofanana rangi, urefu wa punje na hata harufu zinaweza kutofautiana sana zinapoungua. Itandaze nje mahali pa wazi, mbali na nyumba na nyasi kavu, kidogo kidogo na katika tabaka lisilozidi inchi moja, kisha uichome kwa kuwasha utepe mrefu wa karatasi uliotangulizwa mbele yake ili uwe umekwisha kuondoka moto utakapoifikia. Usiichome ikiwa ndani ya chombo chochote.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Ili tuelewane, ninaposema ganda ninamaanisha chombo cha shaba kinachobeba baruti, kichwa ni kipande kinachoruka, na fataki ni kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na pini. Greni ni kipimo cha uzito, si punje moja ya baruti: greni 1 ni sawa na gramu 0.0648, hivyo kichwa chako cha greni 180 kina uzito unaokaribia gramu 11.7. Kama mizani yako ni ya kidijitali, tazama kila mara inaonyesha kipimo gani, kwa kuwa kitufe kimoja kikiguswa bila kukusudia huibadilisha kutoka greni kwenda gramu.

Rafiki yako ameshika jambo moja la kweli, yaani kwamba baruti hutofautiana kwa kasi ya kuungua, lakini ameliweka mahali pasipo pake. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, ni nitroselulosi iliyofinyangwa kuwa punje ngumu, na nyingine huongezwa nitrogliserini. Punje hizo hazilipuki kwa mara moja. Zinaungua kutoka juu kwenda ndani, tabaka baada ya tabaka. Jambo la msingi kuliko yote ni kwamba kasi ya kuungua haidumu ile ile. Inapanda kadiri shinikizo linavyopanda, na shinikizo nalo linapanda kadiri gesi inavyozidi kuzalishwa. Kinachozuia mzunguko huo usiivunje bunduki ni kichwa kinachosonga mbele na kuiongezea gesi nafasi. Kuchagua baruti, basi, ni kutafuta ulinganifu kati ya kasi ya gesi kuzaliwa na kasi ya nafasi kuongezeka.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ukubwa wa ganda na uzito wa kichwa ndivyo vinavyoamua. Ganda kubwa linalosukuma kichwa chembamba, kama la .270 Winchester au la 7mm Remington Magnum, lina baruti nyingi na njia nyembamba ya kupitisha gesi, hivyo linahitaji baruti ya polepole. Ganda dogo kama la .223 Remington linahitaji ya haraka zaidi. Katika bunduki hiyo hiyo, kichwa kizito huchelewa kuondoka kuliko chepesi, na kwa sababu hiyo huomba baruti ya polepole kidogo. Ndiyo maana katika .30-06 majedwali mengi huonyesha IMR 4064, IMR 4895, H4895 au Varget zikifanya vizuri kwa greni 150, na baruti za kundi la 4350 zikitangulia kwa greni 180. Ukifika greni 200 na zaidi, ndipo H4831 na wenzake huingia kwa haki.

Kuhusu urefu wa mtutu, ninataka kulieleza kwa uangalifu kwa kuwa kosa hili limeenea mno. Sehemu kubwa ya baruti huwa imekwisha kuungua kichwa kikiwa bado katika inchi za mwanzo za mtutu. Kinachoendelea baada ya hapo ni gesi kutanuka na kusukuma. Baruti inayotoa kasi kubwa kuliko nyingine katika mtutu wa inchi 26 kwa kawaida ndiyo hiyo hiyo itakayotoa kasi kubwa katika mtutu wa inchi 22, ila zote zitapungukiwa kidogo. Mwako mkubwa unaouona mdomoni mwa mtutu mfupi kwa sehemu kubwa ni gesi moto inayowaka upya ikikutana na hewa, wala si dalili kwamba punje zimemwagika bila kuungua. Ukichukua baruti ya haraka ili kukwepa mwako huo, utafika kikomo cha shinikizo mapema, ukiwa na kiasi kidogo cha baruti na kasi pungufu. Mtutu wako wa inchi 22 ni wa kawaida kabisa kwa bunduki ya kuwindia, na haubadilishi jibu langu.

Jibu lenyewe ni hili: ukitaka baruti moja kwa vichwa vyote viwili, nunua ya kundi la 4350, na kati ya hizo mimi ningechukua H4350. Kwa greni 180 iko mahali pake hasa. Kwa greni 150 iko polepole kidogo kuliko inavyohitajika, lakini inafanya kazi vizuri, na majedwali ya watengenezaji yana vipimo vyake. Ukiona kwamba utawinda karibu wakati wote kwa greni 150, H4895 au Varget itakufaa zaidi na utatumia baruti pungufu kwa kila risasi.

Sababu yangu ya kwanza ya kuipendelea 4350 ni jinsi inavyolijaza ganda. Kiasi cha kawaida cha baruti hiyo hulijaza ganda la .30-06 karibu hadi shingoni, na faida zake ni mbili. Punje hazina nafasi ya kulala upande mmoja unapoinamisha au kuinua bunduki, hivyo fataki huziwasha kwa namna ile ile kila mara na kasi haiyumbi. Pia haiwezekani kujaza mara mbili kwa bahati mbaya bila kuona, kwa sababu baruti itafurika mezani. Jambo hili la pili ninalithamini kuliko kasi yoyote, hasa kwa anayeanza.

Hapo pia lazima nikuonye kuhusu kinyume chake. Wapo wanaotaka risasi laini isiyosukuma bega, wakachukua baruti ya polepole na kuipunguza sana, wakiamini kwamba pungufu daima ni salama. Baruti ya polepole iliyopunguzwa chini ya kiwango cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, ikilala ndani ya ganda lenye nafasi kubwa, inaweza kuwaka vibaya, ikasukuma kichwa kikakwama mtutuni, na kumeripotiwa bunduki zilizopasuka kwa shinikizo la ghafla katika hali ya namna hiyo. Ukitaka risasi laini, tumia tu baruti ambayo mtengenezaji mwenyewe ametoa vipimo vya kupunguza. H4895 ni mojawapo inayojulikana sana kwa kazi hiyo.

Sababu yangu ya pili ni joto. Baruti iliyopata joto huungua kwa ukali zaidi, na baadhi zinabadilika sana. Hilo si jambo geni: enzi ya kordaiti, baruti ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1889, risasi za kuwindia wanyama wakubwa katika nchi za joto ziliundwa kwa maganda makubwa yanayofanya kazi kwa shinikizo la chini, na .416 Rigby ya mwaka 1911 ni mfano wake mzuri, kwa kuwa risasi iliyo salama katika baridi ya Uingereza ingeweza kubana ganda ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, chini ya jua kali. Siku hizi zipo baruti zilizotengenezwa makusudi zisiyumbishwe na hali ya hewa. H4350, Varget, H4895 na H4831 za Hodgdon, zinazotengenezwa Australia, zimo katika jamii hiyo. Haimaanishi kwamba haziguswi kabisa na joto, bali badiliko lake ni dogo. Kwa baruti yoyote utakayochagua, usikipime kikomo chako asubuhi ya baridi kisha ukawinda nacho mchana wa joto kali, usiache risasi juu ya dashibodi ya gari, na usiiache risasi imekaa kwa muda mrefu katika chemba ya mtutu uliokwisha kupata moto kwa kupiga mfululizo.

Umbo la punje lina maana yake pia, japo si kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi. 4350 ni ya vijiti vifupi vyenye tundu katikati. Tundu hilo hupanuka wakati upande wa nje unasinyaa, na kwa hiyo eneo linaloungua hubaki karibu sawa hadi mwisho. Vijiti vina tabia ya kukwama kidogo katika kipimio cha baruti na wakati mwingine utasikia kimoja kikikatwa unapozungusha mkono wa kipimio. Punje za mviringo, kama za W760 au H380, hutiririka kama mchanga mkavu na hupimika kwa urahisi sana, lakini mara nyingi huhitaji fataki yenye moto mkali zaidi, na kwa jumla haziko imara dhidi ya joto kama zile nilizotaja. Kwa mwindaji anayejaza risasi arobaini kwa mwaka, kasi ya kupima haina thamani. Weka kiasi pungufu kidogo kwa kipimio, kisha ukamilishe punje chache chache juu ya mizani.

Kama bunduki yako inajikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi, niambie, kwa sababu hapo baruti za polepole huacha shinikizo kubwa mno kwenye tundu la gesi na zinaweza kuharibu mtambo. Kwa bunduki za aina hiyo, kama M1 Garand, wajazaji hukaa katika kundi la 4895 na 4064. Kwa bunduki ya bolti, yaani inayokokiwa kwa mkono, suala hilo halipo.

Ukishanunua, kazi inayobaki ni ya subira. Pata kitabu cha vipimo kilichotolewa na mtengenezaji wa vichwa unavyotumia au wa baruti yenyewe, na hakikisha kila kitu kimelingana: jina kamili la baruti pamoja na herufi zake, uzito na aina ya kichwa, fataki, na urefu wa risasi iliyokamilika. Vichwa viwili vya greni 180 si lazima viwe sawa. Kichwa cha shaba tupu kisicho na kiini cha madini ya risasi huwa kirefu zaidi kwa uzito ule ule, huingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti, na ni kigumu kupenya mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu. Kina vipimo vyake, wala usikiazimie vya kingine. Anza na kiwango cha kuanzia kilichoandikwa. Kitabu kikitoa kiwango cha juu peke yake, punguza asilimia 10 na uanzie hapo, isipokuwa kimekataza. Kisha panda kwa nusu greni, na unapokaribia juu panda kwa robo greni kila hatua, ukipiga risasi tatu kwa kila hatua.

Kikomo cha shinikizo kilichowekwa kwa .30-06 na SAAMI, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya risasi, ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na CIP, mwenzake wa Ulaya, imeweka bari 4,050. Huna chombo cha kupima hayo nyumbani, na ndiyo sababu ninakusihi usitegemee dalili za macho peke yake. Bolti inayoinuka kwa shida, fataki iliyobapa na kujaza kingo zake, alama ya kitoleo (kipini kinachosukuma ganda nje) inayong’aa kitakoni mwa ganda, fataki mpya inayoingia kwa ulegevu mno katika ganda lililotumika: hizo zote ni dalili za kweli, lakini nyingi huonekana kikomo kikiwa kimekwisha kupitwa. Ukiona mojawapo, usimalize risasi zilizobaki za kiasi hicho. Zifungue na urudi nyuma. Shahidi bora zaidi ni kifaa cha kupimia kasi. Kama kitabu kinasema kiwango cha juu kinatoa kasi fulani katika mtutu wa inchi 24, nawe umeipata kasi hiyo kwa mtutu wa inchi 22 ukiwa bado chini ya kiwango hicho, hukubahatika kupata mtutu mzuri. Shinikizo lako limefika juu, na mahali pa kusimama ni hapo hapo.

Katika hatua hizo utapata kiasi kimoja ambacho vichwa vinakusanyika pamoja kwenye shabaha. Mara nyingi kiko chini kidogo ya kiwango cha juu. Kaa nacho. Futi hamsini kwa sekunde ulizoziacha hazionekani na mnyama yeyote, lakini risasi inayokwenda pale unapoelekeza inaonekana katika kila windo, na ganda lisilobanwa litajazwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Mezani pangu huwa pana kopo moja tu la baruti wakati wa kujaza, mengine yote yakiwa yamefungiwa kabatini, na ninaporudisha mabaki kutoka kwenye kipimio ninayarudisha siku ile ile katika kopo lile lile. Baruti niliyoikuta ndani ya kipimio bila kukumbuka ni ipi, sikuitumia, niliichoma. Kopo la asili ndilo makazi yake ya kudumu, mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na jua. Likifunguliwa likatoa harufu kali ya asidi, au ukiona vumbi jekundu la kahawia, baruti hiyo imeanza kuoza na haifai tena.

Jambo la mwisho linahusu ununuzi. Kila kopo lina namba ya bechi, na bechi moja huweza kutofautiana kidogo na nyingine hata kama jina ni lile lile. Nunua kopo dogo kwanza, uone kama bunduki yako inaipenda baruti hiyo kwa vichwa vyote viwili. Ikikubali, nunua makopo mawili au matatu ya bechi moja ili vipimo vyako vidumu kwa misimu kadhaa, na utakapolazimika kufungua bechi nyingine, shuka tena chini ya kiasi chako ulichokizoea na upande upya kwa hatua zile zile, ukiandika juu ya kila kasha la risasi jina kamili la baruti, bechi yake, kiasi kwa greni, kichwa, fataki na tarehe.